Swali Lisilokuwamo Katika Silabasi

Miaka mingi iliyopita, nikifundisha somo la bayolojia, mwanafunzi mmoja aliniuliza mtoto aliye tumboni mwa mamaye hupata wapi sukari ya kumkuza, ilhali hali wala hanywi. Nilimjibu kwa ukali kwamba jambo hilo halimo katika silabasi, nikageukia ubao. Hakuuliza tena. Baadaye nilikutana na swali lilo hilo katika maisha ya Mfaransa Claude Bernard, na tangu siku hiyo nina deni.

Bernard alizaliwa tarehe 12 Julai 1813 katika kijiji cha Saint-Julien, kaskazini mwa mji wa Lyon, katika jamaa ya wakulima wa mizabibu. Ujanani alifanya kazi katika duka la dawa mjini Lyon, huku akitamani kuwa mtunzi wa tamthilia. Mwaka 1834 alikwenda Paris na mchezo wake mkononi. Mhakiki mashuhuri akamshauri atafute kazi nyingine ya kumpa riziki. Ndipo alipoingia katika masomo ya utabibu. Huko nako hakung'ara. Katika mtihani wa 1839 wa kuwateua wanagenzi wa hospitali, alikuwa wa 26 kati ya 29 waliofaulu, na mwaka 1844 alishindwa katika mtihani wa kuwania ualimu wa chuo. Lau angepimwa kwa karatasi peke yake, jina lake lingalizikwa hapo.

Aliyetambua kipaji chake ni mwalimu wake, François Magendie, aliyemfanya msaidizi wake maabarani. Mwaka 1846 Bernard aliletewa sungura kutoka sokoni. Walipokojoa mezani, aliona kuwa mkojo wao ulikuwa mwangavu na wenye asidi, kama wa wanyama walao nyama, ilhali mkojo wa sungura kwa kawaida huwa na ukungu. Mwingine angaliufuta kwa kitambaa, basi. Yeye aliwaza kwamba sungura hao, kwa kukosa chakula, walikuwa wakiishi kwa nyama ya miili yao wenyewe. Aliwapa majani, ukungu ukarudi, akawanyima, ukatoweka. Alipowalisha nyama na kuwapasua, alipata fununu ya kazi ya kongosho katika kusaga mafuta.

Kisha akaiandama sukari. Wakati huo wataalamu waliamini kwamba mnyama hawezi kuitengeneza sukari, bali huipata katika mimea. Mwaka 1848 Bernard alionyesha kuwa ini huitengeneza, na mwaka 1857 akaitenga glaikojeni, akiba ambayo ini huigeuza kuwa sukari. Mwaka 1859 alilifikia lile swali la mwanafunzi wangu. Alikuta glaikojeni katika kondo la nyuma la sungura, kabla ini la kijusi halijaweza kazi hiyo.

Leo twajua kwamba sukari ya kijusi hutoka hasa katika damu ya mama kupitia kondo, na kwamba siku za kuzaliwa zikikaribia, ini la mtoto hujiwekea akiba ya glaikojeni. Kitovu kikatwapo, akiba hiyo humshikilia mpaka apate maziwa. Nayo huisha upesi, na aliyezaliwa kabla ya wakati huwa na akiba haba. Hii ni mojawapo ya sababu za wakunga wetu kuhimiza mtoto anyonyeshwe katika saa ya kwanza.

Sisemi kwamba Bernard hakuwa na doa. Aliwapasua wanyama wengi wakiwa hai. Mkewe na binti zake hawakustahimili ukatili huo, na ndoa ikaishia katika utengano. Mwalimu anayemsifu mbele ya wanafunzi hana budi kuitaja gharama hiyo pia.

Alifariki tarehe 10 Februari 1878, akazikwa kwa gharama ya serikali, heshima ambayo hakuna mwanasayansi Mfaransa aliyekuwa amepewa kabla yake.

Walimu wenzangu, mitihani tutaendelea kuisahihisha, maana ndiyo kazi yetu. Lakini yule wa 26 ndiye aliyeona kilichokuwa mezani. Mwanafunzi wangu sijui aliko. Iwapo anasoma safu hii, jibu lake ni hilo, nami namwomba radhi kwa kumkawiza.