Madam C. J. Walker, dobi aliyeanza kwa kuangalia kichwa

Wamama wetu, tuanze na jambo ambalo wengi wenu mmekwisha kuliona. Ni Jumamosi, iwe hapa Kasongo ao kule Kabambare. Mama anaingia saloni, anakaa kwenye kiti, wanapatana bei, na mara moja kopo la difriza linafunguliwa. Mara nyingi hakuna anayemuuliza alipaka dawa mara ya mwisho lini. Hakuna anayetenganisha nywele kwanza ili aone kama ngozi ya kichwa iko na kidonda ao mba. Kopo ni lilelile la mteja wa asubuhi, na dakika za kungoja ni zilezile, hata kama nywele za yule zilikuwa nzito na za huyu ni laini kama za mtoto. Kisha miezi kadhaa nywele za mbele zinaanza kurudi nyuma, na mama anafunga kitambaa.

Leo tunaeleza maisha ya mwanamke aliyepoteza nywele hivyo, miaka zaidi ya mia moja iliyopita, na aliyetoka hapo akafanya kazi ya kuangalia kichwa cha mwanamke mweusi, kimoja kimoja, kuwa kazi ya heshima na ya pesa. Dunia inamjua kwa jina la Madam C. J. Walker. Wazazi wake walimwita Sarah, na jina la ukoo lilikuwa Breedlove.

Alizaliwa tarehe 23 Desemba 1867 katika kijiji cha Delta, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani, kando ya mto Mississippi. Baba yake Owen na mama yake Minerva walikuwa watumwa kwenye shamba lilelile la pamba alipozaliwa. Utumwa ulikuwa umekwisha kufutwa, na Sarah ndiye wa kwanza katika nyumba yao kuzaliwa akiwa mtu huru. Lakini uhuru huo ulikuwa wa karatasi zaidi: pamba ilikuwa ileile, jua lilelile. Wazee wetu wa Maniema waliolimishwa pamba kwa lazima wakati wa Wabelgiji wanaweza kufahamu vizuri maisha ya nyumba ile bila kuelezwa mengi.

Akiwa na miaka 7 alikuwa amekwisha kuwa yatima kwa pande zote mbili. Akaenda kuishi na dada yake, kisha wakavuka mto mpaka mji wa Vicksburg. Shemeji yake alikuwa mtu mkali, alimtesa. Kwa kumkimbia, Sarah aliolewa akiwa na miaka 14 tu, na mwanaume aliyeitwa Moses McWilliams. Mwaka wa 1885 wakapata mtoto mmoja, binti, Lelia. Miaka miwili hivi baadaye bwana akafa. Basi hebu fikirini: miaka 20, mjane, mtoto mkononi, shule karibu hakuna.

Alipanda kwenda mji wa St. Louis, ambako kaka zake walikuwa wanyozi. Huko akawa dobi. Na hapa tukae kidogo, juu ya hiyo kazi ndiyo iliyozaa yote yaliyofuata. Kufua kwa watu wakati ule kulikuwa kuchota maji, kuchemsha, kusugua juu ya ubao, kwa sabuni kali ya magadi inayokula mikono. Alipata kama dola 1 na nusu kwa siku, na siku nyingine hata hazikufika. Kwa pesa hizo alimlea Lelia na kumsomesha. Kila siku mvuke wa moto usoni, moshi, sabuni kali, mawazo ya maisha. Nywele zikaanza kukatika na kuanguka. Sehemu nyingine kichwani zikawa wazi kabisa.

Hakuwa peke yake. Wanawake wengi weusi wa Marekani wa miaka ile walikuwa na taabu hiyo. Nyumba zao hazikuwa na maji ya bomba, na wakati wa baridi mtu angeweza kukaa wiki nyingi bila kuosha kichwa kwa hofu ya kuugua. Uchafu na mba vilijaa kwenye ngozi, mizizi ya nywele ikaziba. Wakiosha, waliosha kwa sabuni ileile ya nguo. Na madukani, dawa za nywele zilitengenezwa kwa ajili ya wanawake weupe. Kwa wao, kichwa cha mwanamke mweusi hakikuwa kitu cha kutafitiwa.

Yule aliyemfungulia Sarah mlango alikuwa mwanamke mwingine mweusi, Annie Turnbo, ambaye baadaye aliitwa Annie Malone. Ni haki kumtaja, kwani hadithi nyingi zinamruka. Annie alifika St. Louis mwaka wa 1902 na dawa yake ya kukuza nywele, akawa anatuma wasaidizi wake nyumba kwa nyumba. Hawakuanza kwa kuuza. Walimwosha mama kichwa, wakampaka, wakamwacha aone mwenyewe. Sarah alitumia dawa hiyo, kisha akawa mmoja wa wasaidizi hao. Kwa hiyo shule yake ya kwanza ya nywele ilikuwa pale, miguuni mwa Annie.

Mwaka wa 1905 alihamia Denver, kwenye milima ya magharibi, akauza dawa za Annie huku akifanya kazi ya mpishi. Januari 1906 aliolewa na Charles Joseph Walker, mtu aliyejua mambo ya magazeti na matangazo. Jina la Madam C. J. Walker lilitoka kwake. Upesi akaachana na biashara ya Annie na kuanzisha dawa yake mwenyewe. Alieleza kwamba aliipata katika ndoto: mzee mweusi alimtokea akamwonyesha vitu vya kuchanganya, vingine vya kutoka Afrika. Ni hadithi tamu, na iliuza sana. Wanahistoria wengine wanafikiri kwamba mfamasia mmoja wa Denver alimsaidia kuipanga. Kwa kweli ndani ya kopo mlikuwa na mafuta mazito kama ya vazelini pamoja na salfa, ule unga wa manjano ambao watu waliutumia tangu zamani kwa magonjwa ya ngozi. Annie alikasirika sana, akaonya watu katika magazeti wajihadhari na waigaji. Sisi tunafikiri alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini salfa haikuwa ya Annie wala ya Sarah.

Siri ya Madam Walker haikuwa kopo. Ilikuwa mpango wa kazi. Msaidizi aliyefundishwa naye alianza kwa kukalisha mteja na kuangalia ngozi ya kichwa: iko kavu ama ina mafuta, ina mba, ina vidonda, nywele zinakatikia kwenye shina ama kwenye ncha. Kisha kuosha vizuri kwa sabuni laini ya mafuta ya mimea. Kisha kupaka dawa kwenye ngozi, wala si kwenye nywele tu, na kusugua damu itembee. Kisha brashi. Mwishoni kabisa, kwa aliyetaka, kitana cha chuma kilichopashwa moto pamoja na mafuta mepesi, ili nywele zilale. Na mteja alirudi, maana kichwa kilichoharibika miaka 5 hakiponi kwa siku moja. Wasaidizi hawa hawakupenda kuitwa wasusi. Jina lao lilikuwa la watunza nywele, kama vile mtu anavyotunza shamba.

Hapa kuna makosa mawili ambayo hata watu wa redio tunayarudia, basi tuyarekebishe. La kwanza: Madam Walker hakubuni kitana cha moto. Kilikuwako Ufaransa kabla yake, katika karne ya 19. La pili: hakuuza difriza. Dawa ya kunyoosha nywele ilikuwa njia nyingine. Mweusi mwenzake wa mji wa Cleveland, Garrett Morgan, ndiye aliyeuza dawa ya namna hiyo miaka ile. Difriza nyingi za nguvu tunazoziona leo zina soda kostiki ndani, ileile ambayo wamama wanaopika sabuni ya mawese wanaijua. Mnajua inavyofanya ikigusa mkono. Ndiyo maana ikikaa zaidi ya dakika zake inaunguza ngozi, na ndiyo maana ngozi yenye kidonda haipaswi kuguswa nayo hata kidogo.

Hata hivyo kuna watu walimlaumu Madam Walker, wakiwemo watu wa kanisa. Walisema anawafundisha wanawake weusi kutaka nywele za wazungu. Yeye alijibu siku zote kwamba kazi yake ni afya ya kichwa na kuotesha nywele. Jibu hilo ni la kweli nusu. Kitana cha moto kilikuwa sehemu ya kazi, na wateja wengi walikitaka. Lakini mtu aliyekuwa na upara wa ugonjwa hakuwa anatafuta kufanana na mzungu. Alikuwa anatafuta kuvua kitambaa.

Alitembea mwaka mmoja na nusu kusini mwa Marekani, kanisa kwa kanisa, nyumba kwa nyumba, akionyesha kazi yake kwa mikono yake. Mwaka wa 1908 alifungua shule Pittsburgh, akaipa jina la binti yake Lelia. Aliye mbali aliweza kusoma kwa barua, kwa dola 25. Mwaka wa 1910 akahamia Indianapolis, mji wenye reli za pande zote, akajenga kiwanda. Wasaidizi wake wakafika maelfu. Wengi walikuwa wapishi, wayaya na madobi kama yeye alivyokuwa. Ndoa yake na Walker ilivunjika mwaka wa 1912, lakini jina alibaki nalo.

Mwaka huohuo, Chicago, kulikuwa na mkutano wa wafanyabiashara weusi chini ya Booker T. Washington, mtu mwenye sauti kubwa kuliko weusi wote wa Marekani wakati ule. Siku zilipita, wanaume wa benki wakapewa nafasi, yeye hakupewa. Siku ya mwisho alisimama bila kuitwa. Akawaambia kwamba ametoka kwenye mashamba ya pamba, akapandishwa kwenye beseni la kufulia, kutoka hapo jikoni, na kutoka jikoni alijipandisha mwenyewe, na kiwanda chake amekijenga kwenye kiwanja chake. Washington hakumpa jibu pale. Mwaka uliofuata alimwita rasmi kama mzungumzaji.

Agosti 1917 alikusanya wasaidizi wake Philadelphia, wanawake zaidi ya 200. Hakutoa zawadi kwa waliouza sana peke yao. Alitoa pia kwa waliosaidia sana maskini wa miji yao. Mwezi uliotangulia, watu weusi wengi walikuwa wameuawa na umati wa wazungu katika mji wa East St. Louis, ng'ambo tu ya mto kutoka pale alipokuwa akifua. Tarehe 1 Agosti yeye na viongozi wengine walikuwa wamekwenda mpaka ikulu ya Washington kumwomba rais Woodrow Wilson sheria ya kuzuia mauaji ya namna hiyo. Rais hakuwapokea. Basi wale wanawake wa nywele wakamwandikia telegramu kutoka mkutanoni. Ndivyo saloni ilivyokuwa pahali pa kusema mambo ya nchi, na anayejua saloni zetu hatashangaa.

Mwaka wa 1918 alimaliza nyumba kubwa kando ya mto Hudson, karibu na New York, iliyochorwa na msanifu mweusi, Vertner Tandy. Hakuifaidi. Figo na shinikizo la damu vilimsumbua miaka mingi, na waganga walimwomba apumzike. Hakujua kupumzika. Alikufa tarehe 25 Mei 1919, akiwa na miaka 51. Siku zake za mwisho aliahidi dola 5,000 kwa chama kilichopigania kukomesha mauaji ya weusi, na katika wasia wake aliamuru sehemu kubwa ya faida ya kampuni iende kwa shule na kazi za huruma.

Kitu kimoja kinatuhusu sisi wa huku. Tangu ule mwaka wa Chicago alisema wazi kwamba tamaa yake kubwa ni kujenga Afrika shule ya kazi za mikono, kama ile ya Washington ya Tuskegee. Mapema mwaka wa 1919, vita vilipokwisha, alitaka kwenda Ufaransa kwenye mkutano wa amani, ambako wakubwa walikuwa wanagawana makoloni ya Ujerumani, pamoja na Tanganyika, Rwanda na Burundi, majirani zetu. Serikali ya nchi yake ilikataa kuwapa pasipoti viongozi weusi waliotaka kusafiri.

Binti yake, aliyekuwa sasa anajiita A'Lelia, ndiye aliyefika Afrika. Mwaka wa 1922 alikuwa Ethiopia, akapokelewa na malkia Zewditu. Shule haikujengwa.