Mzee Ojwang': mcheza kwao, na kwao ni wapi?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Juma hili, msomaji wangu wa Pwani, tujiulize: yule ambaye kwao ni nchi nzima, hutunzwa na nani?

Nawaandikia kutoka Eldoret, ambako kazi imenileta mimi mtoto wa Mombasa. Huku bara, sawa na kwetu, ukimtaja Mzee Ojwang' Hatari, watu wazima hutabasamu hata kabla hujamaliza jina. Kila mtu humzungumza kama mtu wa mtaani kwake.

Jina lake hasa lilikuwa Benson Wanjau, na alikuwa Mkikuyu. Lakini kwenye Vitimbi alikuwa mzee wa Kijaluo, kwa jina, kwa lafudhi na kwa majigambo. Kipindi hicho kilianza miaka ya 1980, enzi za Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 iligeuzwa kuwa KBC. Nyumba yenye televisheni ilikuwa moja mtaani, na watoto wa majirani wote walikuwa sakafuni.

Pacha wake wa kuigiza alikuwa Mama Kayai, yaani Mary Khavere, Mluhya aliyecheza mke wa mzee huyo. Mmoja akianza neno, mwenzake alilimalizia. Ojwang' akipanga ujanja wa kificho, Kayai alikuwa keshaunusa. Waliigiza ndoa ile kwa miaka mingi hata Wakenya wengi wakaamini ni mke na mume kweli.

Sisi watu wa Pwani twajiona wenye lugha. Najua wazee waliokuwa wakiguna kila Ojwang' alipoigeuza sh kuwa s, kisha wakacheka mpaka machozi. Siku hizi naona sababu. Hakuwa akilibeza kabila la mtu. Ojwang' alikuwa bahili, mwongo kidogo, mwenye kiburi, na mwisho wake hukwama mbele ya mkewe. Mzee kama huyo yuko Kisauni, yuko Kisumu, yuko Kapsabet. Kwenye kipindi hicho hicho alikuwamo Masanduku arap Simiti na lafudhi yake ya Kikalenjin, na wenyeji wa huku hawakuona wametukanwa. Walijiona wamo.

Nalisema hili nikiwa Eldoret kwa sababu mji huu wajua lafudhi yaweza kufanya nini. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa, karibu na hapa, lilichomwa moto na watu waliokimbilia usalama wakiwa ndani. Ghasia zile za baada ya uchaguzi ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini. Siku zile mtu alisimamishwa njiani akatakiwa aseme, na namna alivyotamka ndiyo iliyoamua kama atafika nyumbani. Lafudhi ile ile ambayo Benson Wanjau aliivaa ili tucheke, barabarani ilikuwa hukumu. Kwa miaka mingi Mkikuyu alikubalika kuwa Mjaluo mbele ya taifa zima, na hakuna aliyemuuliza kitambulisho. Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi kubwa zaidi aliyoifanya.

Basi je, alitunzwa? Uzeeni macho yalimsumbua, na hali yake ya maisha haikufanana na jina lake. Habari zilipoenea, Wakenya walichanga fedha kwa ajili ya matibabu yake. Watu wa kila kabila walitoa. Alifariki Jumapili, 12 Julai 2015, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, akiwa na umri wa miaka 78. Rambirambi zilimiminika mpaka kutoka ngazi za juu za serikali.

Mchango ule ulikuwa wa heri, na Mungu awalipe waliotoa. Lakini sadaka si mshahara. Mtu aliyelichekesha taifa kwa zaidi ya miaka 30 hakustahili kungojea huruma. Alistahili malipo yanayoendelea kila kazi yake inaporudiwa, na bima ya afya kabla ya ugonjwa. Rambirambi haimnunulii mtu dawa akiwa hai.

Wako vijana wengi leo, Mombasa, Malindi na huku Eldoret, wanaosimama jukwaani na kipaza sauti. Huitwa harusini na kwenye mikutano ya kaunti, kisha huambiwa malipo yao ni kujulikana. Ojwang' alijulikana kuliko wote, na kujulikana hakukumtibu macho. Ukimwita mchekeshaji, patana naye bei kabla hajapanda jukwaani, na umlipe siku hiyo hiyo. Wala usimuulize kwao ni wapi. Akishakuchekesha, kwao ni kwako, na jukumu la kumtunza ni lako.