Maisha ya Daniel David Palmer, fundi wa mugongo

Nani kati yetu hajaona baba anarudi kutoka shimo, mukono kiunoni, anaita mutoto amukanyage mugongo? Tangu zamani tuko na mafundi wa kukanda na kunyoosha mifupa. Leo tunawaeleza maisha ya Daniel David Palmer, mutu aliyeipa kazi hiyo jina na masomo kule Marekani. Tutasema mema yake na makosa yake, juu yote mawili yanatufaa.

Palmer alizaliwa tarehe 7 mwezi wa tatu 1845, upande wa Ontario, katika inchi ya Kanada. Mwaka 1865 aliondoka pamoja na ndugu yake kwenda Marekani kutafuta maisha. Hakusoma kazi ya unganga. Alifundisha watoto, alifuga nyuki na kuuza asali. Kisha akafanya biashara ya duka mu What Cheer, muji mudogo wa Iowa wenye watu wa kuchimba makaa ya mawe. Palepale ndipo mutoto wake Bartlett Joshua alizaliwa.

Kiisha miaka 40 ya maisha aliacha duka, akaanza kuwawekea wagonjwa mikono. Aliamini kwamba mikono ya mutu inatoa nguvu kama ya sumaku. Akahamia Davenport, muji ulio kando ya muto Mississippi, na wagonjwa wakamufuata kwa wingi.

Katika nyumba alimokuwa anatumikia, mutu mweusi mumoja, Harvey Lillard, alikuwa anafanya usafi. Lillard alikuwa haelewi sauti vizuri tangu miaka 17. Palmer aliandika kwamba ile shida ilianza siku moja Lillard alipojikunja mahali pembamba, akajikaza na kazi, akasikia kitu kinaachia mu mugongo. Ninyi wa shimo munajua vizuri kule kujikunja! Palmer akapapasa uti wa mugongo, akakuta pingili moja imetokeza, akaisukuma kwa mikono. Kwa hesabu yake, ilikuwa tarehe 18 mwezi wa tisa 1895. Akatangaza kwamba Lillard ameanza kusikia. Waganga wengi walikataa, na walikuwa na sababu: mushipa wa kusikia unatoka mu bongo na kuingia mu sikio, haupiti mu mugongo.

Pasta Samuel Weed, aliyekuwa mugonjwa wake, alimutafutia jina kwa maneno ya Kigriki: kiropratiki, maana yake kazi inayotendwa kwa mikono. Mwaka 1897 Palmer akafungua masomo mu Davenport. Yale masomo yangaliko paka leo.

Lakini sifa zilimupeleka mbali. Alifundisha kwamba magonjwa 95 kwa 100 yanatoka kwa pingili zilizohama. Habari ya vijidudu hakuitaka, chanjo vilevile. Mwaka 1906 tribinali ikamuhukumu juu ya kuponya watu bila ruhusa. Alikataa kulipa amande, akaingia boloko. Kiisha majuma matatu hivi akalipa, akatoka. Mwaka uleule masomo yakabaki mu mikono ya mutoto wake, na wale wawili hawakupatana tena vizuri. Muzee akazunguka Oklahoma, Oregon na California, anafungua masomo mengine.

Mwaka 1913 jimbo la Kansas lilikubali kiropratiki kwa sheria, la kwanza Marekani. Mwaka huohuo, tarehe 20 mwezi wa kumi, Palmer alikufa mu Los Angeles. Alikufa na tifo. Na tifo inapita mu maji na chakula kichafu. Hakuna pingili inayoileta.

Basi tushike nini? Kwa maumivu ya kawaida ya kiuno, mikono ya fundi aliyesoma inaweza kusaidia, karibu sawa na mazoezi. Kulala kitandani siku nyingi kunazidisha ugumu. Afazali kutembea polepole. Lakini kizunguzungu na kuyumbayumba mara nyingi vinatoka mu sikio la ndani ao mu damu. Munganga apime kwanza. Na musikubali mutu azungushe shingo yenu kwa nguvu: mushipa wa damu unaweza kupasuka.

Kama miguu inakufa ganzi, kama mukojo unatoka wenyewe ao unakataa kutoka, kama mugongo unauma pamoja na homa na kukonda, usiite fundi. Kimbia hospitali siku ileile.

Na wenzetu wa chini, sikieni hili moja: mutu akiangukiwa na jiwe, njo pale musimunyooshe. Musimuketishe. Shingo na mugongo vikae sawa, mumubebe juu ya ubao watu wengi pamoja. Mikono ya Palmer ilisaidia wengi, lakini pale mikono inayofaa ni ile inayojua kungoja.