Binti wa Fumba Aliyeitwa Mtumwa

Jina la Siti binti Saad wasomaji wetu wamelisikia, lakini silo alilopewa na wazazi wake. Alizaliwa yapata mwaka 1880 huko Fumba, kijiji cha pwani katika kisiwa cha Unguja, akaitwa Mtumwa, kwa kuwa alizaliwa utumwani. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua. Nasi tukaao Kinampanda twawajua Wanyamwezi. Ni jirani zetu wa ng'ambo ya mbuga ya Wembere. Basi habari hizi si za watu wa mbali.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulikuwapo bado. Mtu wa hali hiyo alitambulikana njiani kwa kutazamwa tu, maana kwa desturi ya nchi hakuruhusiwa kuvaa viatu wala kujifunika kichwa. Binti yule hakupelekwa chuoni kujifunza kusoma. Kazi ya jamaa zake ilikuwa ufinyanzi, naye alipopata nguvu alijitwika vyungu, akaenda kuvitembeza mjini.

Mwuza vyungu hana budi kunadi, la sivyo hurudi na mzigo wake. Msichana huyu alinadi kwa kuimba, na yasimuliwa ya kuwa watu waliijua sauti yake kabla hawajamwona. Hakuna aliyemfundisha. Ile njia ya Fumba ndiyo iliyokuwa shule yake, nasi twaona ilikuwa shule ngumu kwa mtoto.

Mwaka 1897, alipokuwa na miaka kumi na saba hivi, ilitolewa sheria ya kwamba mtumwa aweza kuomba uhuru wake mahakamani. Sheria iliandikwa, jina lake likabaki lile lile, na vyungu vile vile. Akaolewa, akazaa, akaachwa.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko Muhsin Ali, fundi wa muziki, akamfundisha kuimba kwa ala, naye akajifunza kwa kusikia na kushika moyoni. Siku hizo wanawake wengi wa asili ya utumwa walikuwa wakianza kuvaa buibui, lililokuwa vazi la mabibi. Naye akaitwa Siti, maana yake bibi mwenye heshima.

Mwaka 1928 alikwenda Bombay, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri, nazo zikauzwa pwani nzima. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert akaandika kitabu cha maisha yake, na jina lililo juu ya kitabu hicho ni Siti.