HARVEY ALIKATAA URAIS



Naomba nafasi niwakumbushe wasomaji habari za William Harvey, daktari aliyezaliwa Uingereza mwaka 1578. Shuleni tunamfundisha kwa kitabu chake cha mwaka 1628, kilichoonyesha kwamba moyo husukuma damu ikazunguka mwilini. Lakini kuna jambo lingine.

Mwaka 1654 Chuo cha Madaktari cha London, kilichokuwa kikiwatahini madaktari na kuwapa vibali vya kutibu, kilimchagua awe rais. Alikuwa na miaka 76. Alishukuru, akakataa kwa sababu ya uzee, akashauri Francis Prujean aliyekuwapo aendelee. Hata hivyo hakukitupa chuo. Alikijengea maktaba, na mwaka 1656 akakipa shamba lake la urithi. Alifariki mwaka 1657.

Viongozi wa vyama vyetu, kung'atuka si aibu.