Justinian, mfalme aliyepanga masomo ya sheria

Ndugu wachimbaji, mama na watoto, leo tunawaletea maisha ya mfalme mmoja wa zamani sana. Mutaona kama anatuhusu.

Justinian alizaliwa karibu mwaka 482 katika kijiji cha Tauresium, inchi za Balkani, kwa watu wa shamba. Mjomba wake Justin, askari aliyepanda cheo mpaka kuwa mfalme, njo alimupeleka Constantinople (leo Istanbul, Uturuki) kusoma. Mwaka 527 Justinian akarithi kiti.

Alikuta sheria za Roma zimetawanyika katika vitabu karibu 2.000, vingine vinapingana. Akamupa Tribonian na wenzake kazi. Kwa miaka 3 wakakusanya yote katika vitabu 50. Tena mwaka 533 wakatoa kitabu kifupi, Institutiones, cha wanafunzi wanaoanza.

Masomo yalichukua miaka 5, ku Constantinople, Roma na Beirut. Mbele, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliitwa kwa kuchekwa: mutu wa makuta mbili. Justinian aliondoa jina lile, akawapa lake mwenyewe. Alikataza pia kuwatesa wapya.

Si kusema alikuwa mtakatifu. Mwaka 532 watu wa mji walimuasi, na askari wake wakaua karibu watu 30.000.

Lakini sikieni hii. Roma ilikuwa na azabu ya kupeleka mutu ku migodi. Aliyehukumiwa aligeuka mtumwa, na ndoa yake ilivunjika. Mwaka 536 Justinian alibadilisha: aliyezaliwa huru asigeuke mtumwa juu ya azabu, na muke wake abaki muke wake. Sheria ile iliandikwa kwa Kigiriki, luga ya watu wengi kule, hapana Kilatini.

Alikufa mwaka 565. Kupitia Ufaransa na Ubelgiji, sheria zake zilifika mpaka ku Code civil yetu ya Kongo.

Sisi huku Kasongo na Kabambare, tumeona wenzetu wanatia kidole ku mukataba wa Kifaransa bila mutu kuwasomea. Basi tunaomba kila kikundi kichague vijana wawili, muke na mume, wajifunze Code ya kazi na Code ya migodi, wawaeleze wengine kwa Kiswahili. Na anayeanza, musimucheke.