Tilman, Mkulima wa Sotik Aliyevuka Afrika kwa Baiskeli

Katika Wazungu wote waliopata kulima nchini Kenya zama za ukoloni, sidhani kama yuko aliyekwenda mbali kwa vitu vichache kama marehemu Harold William Tilman, ambaye wenziwe walimwita Bill. Mtu huyu, mnamo Septemba 1933, alipanda baiskeli mjini Kampala, akaipa mgongo Afrika ya Mashariki, na hakukoma mpaka alipoyaona maji ya bahari ya Atlantiki huko Kribi, pwani ya Kamerun. Mwendo wake ulikuwa wa takriban maili 3,000, na aliumaliza kwa siku 56.

Jina lake hutajwa sana na wapanda milima na mabaharia wa Ulaya. Huku kwetu halitajwi, ingawa kama miaka 14 ya ujana wake aliipitisha katika nchi yetu. Mimi nimeona vyema kumweleza kwa sababu hapa Eldoret ninapokaa, na hata miongoni mwa jamaa zangu wa Mombasa na Malindi, kumezuka vijana wanaopenda safari ndefu za baiskeli, za siku tatu, nne au wiki nzima. Kila mmoja wao hunijia na swali lile lile: nunue nini? Nami naona kwamba maisha ya Tilman yanalijibu swali hilo kuliko duka lolote.

KUTOKA VITANI HADI SHAMBANI

Tilman alizaliwa tarehe 14 Februari 1898 huko Wallasey, ng'ambo ya mto kutoka mji wa bandari wa Liverpool, Uingereza. Baba yake alikuwa mfanya biashara ya sukari. Ilipokuja Vita Kuu ya Kwanza, kijana huyu aliingia jeshi la mizinga na kupelekwa Ufaransa akiwa bado hajakomaa ndevu. Alijeruhiwa, akapona, akarudi vitani, na mara mbili alitunukiwa nishani ya ushujaa ya Military Cross. Alitoka huko hai, lakini wengi wa rika lake hawakutoka. Watu waliomjua husema kwamba tangu hapo alikuwa mtu wa maneno machache, asiyekuwa na hamu ya starehe, na hakuoa maisha yake yote.

Vita vilipokwisha, serikali ya Uingereza iliwagawia askari wake ardhi ya Kenya kwa bahati nasibu. Jina la Tilman lilitoka, naye akaja mwaka 1919 kulima upande wa Kericho na Sotik. Alianza na kitani, bei ikaanguka, akageukia kahawa. Hapa yafaa tuseme jambo ambalo wanaomsifu aghalabu hulipita haraka. Ardhi ile haikuwa pori lisilo mwenyewe. Ilikuwa ardhi ya Wakipsigis, waliosukumwa kando ili askari wale wapate mashamba. Sisi watu wa Pwani, ambao habari za ardhi na hati tunazijua kwa uchungu wake, hatuna haja ya kuelezwa zaidi. Uhuru wa Tilman wa kwenda atakako ulianzia juu ya kipande cha nchi ya watu wengine.

BARUA ILIYOKWENDA TURBO

Mnamo mwaka 1929 kijana mwingine wa Kiingereza, Eric Shipton, alipanda Mlima Kenya pamoja na Wyn Harris hadi vilele vya Batian na Nelion. Shipton naye alikuwa mkulima, na baadaye alikaa shambani Turbo, karibu na Eldoret, katika njia iendayo Uganda. Tilman aliposikia habari zake alimwandikia barua kutaka ushauri wa milima. Kwa barua hiyo ukaanza urafiki ambao wapanda milima wa dunia nzima wanaujua mpaka leo.

Mwaka 1930 watu hawa wawili walikwenda Kilimanjaro, kisha wakarudi Mlima Kenya, wakaupanda kwa ukingo wake wa magharibi ambao hakuna aliyewahi kuupita. Mwaka 1932 walikwenda milima ya Ruwenzori. Safari zao zote zilikuwa na sura moja: watu wachache, mizigo michache, fedha kidogo. Wakati ule desturi ya Wazungu ilikuwa kusafiri na wapagazi wengi, mahema, meza na vyombo vya kulia. Tilman na Shipton walishikilia kwamba safari yoyote yenye maana yaweza kupangwa nyuma ya bahasha moja. Ikiwa hesabu yako haienei hapo, basi una vitu vingi kuliko haja.

Msomaji asidhani kwamba huku ni kutojali. Nyuma ya bahasha hapaenei maneno mengi, kwa hivyo huandikwi ila kitu kilichofikiriwa sana: siku ngapi, chakula kiasi gani, maji yako wapi, na ikishindikana mtu atarudi kwa njia gani.

DHAHABU YA KAKAMEGA

Katika miaka hiyo bei za mazao zilikuwa zimeanguka dunia nzima. Dhahabu ilipoonekana Kakamega mwaka 1931, Wazungu wa mashambani waliimiminikia, na Tilman alikuwa mmoja wao. Hapa pia pana historia chungu. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba ardhi ya hifadhi zao ni yao daima. Dhahabu ilipopatikana, sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 1932 ili wachimbaji wapate kuingia. Ahadi ya daima ilidumu miaka miwili.

Tilman hakutajirika kwa dhahabu. Mwaka 1933 aliamua kurudi kwao Uingereza, na ndipo lilipomjia wazo la kurudi kwa njia yake mwenyewe. Mtu mwingine angelishuka kwa gari moshi hadi Mombasa na kuabiri meli. Yeye alinunua baiskeli ya kawaida ya Kiingereza kwa paundi 6, akaona kwamba kwa vile bara lina pwani mbili, si lazima mtu atokee ile ile aliyoingilia.

SIKU 56 NJIANI

Tuifanye hesabu hiyo. Maili 3,000 kwa siku 56 ni kama maili 53 kwa siku, yaani kilomita 85 hivi, siku nzuri na siku mbaya zikichanganywa pamoja. Kwa kijana mwenye afya huo si mwendo wa ajabu. Ajabu ni kuurudia kesho, na kesho kutwa, kwa wiki nane, katika barabara za udongo, mvua ikinyesha na jua likiwaka. Alipita Uganda, akaingia Kongo iliyokuwa ya Wabelgiji na misitu yake mikubwa, akavuka nchi iliyokuwa ya Wafaransa ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, kisha Kamerun hadi baharini. Alikuwa peke yake. Hakuwa na gari la kumfuata wala mpagazi. Alikula alichokipata njiani na kulala alipopatikana pa kulala.

Hapo ndipo penye jambo ninalotaka vijana walizingatie. Watu humwita Tilman msafiri aliyejitegemea, na kweli alijitegemea kwa nguvu za miguu yake na kwa uvumilivu wake. Lakini hakuna mtu avukaye Afrika kwa kujitegemea kitupu. Ndizi alizokula zilipandwa na mtu. Maji aliyokunywa yalitekwa na mtu. Wahenga wetu walikwisha kulisema: msafiri maskini ajapokuwa sultani. Ibn Battuta alipofika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 alikuwa mwanachuoni mkubwa, na hata hivyo naye aliishi kwa ukarimu wa wenyeji. Mwenye mizigo mingi huusahau umaskini huo, na mwenye mizigo michache hukumbushwa kila jioni. Aidha tusisahau kwamba katika mipaka ya wakoloni mwaka 1933, ngozi ya Tilman ilikuwa pasi ya kutosha. Mkulima wa Kiafrika wa Kakamega asingeliweza kufanya safari ile, hata kama angelikuwa na paundi 6.

HESABU YA KWETU

Basi nikiulizwa na kijana, mimi humwambia atafute bahasha. Achukue mfano wa njia ya Eldoret hadi Kampala, kama kilomita 350. Siku ya kwanza alale Bungoma, ya pili Bugiri, ya tatu Jinja, ya nne aingie Kampala. Siku ya pili ina mpaka wa Malaba, na mpaka hula saa, kwa hivyo asiipange kana kwamba ni barabara tupu. Siku ya kwanza itamdanganya, kwani Eldoret iko juu, kama mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na njia yateremka hadi Webuye na Bungoma. Atajiona shujaa. Ajiulize kama atarudi kwa baiskeli, maana mteremko wa kwenda ndio mlima wa kurudi. Aondoke mara baada ya sala ya Alfajiri na awe amefika kabla ya Alasiri, kwa sababu katika nchi hii ya juu mvua hupenda kunyesha mchana ukipinda, na barabara hiyo ina malori mengi ambayo hayamwoni mtu wa baiskeli gizani.

Vitu je? Pampu, tyubu ya akiba, viraka na gundi yake, spana, mnyororo uliotiwa mafuta, koti la mvua, shuka, maji, na fedha ndogo ndogo. Baiskeli iwe ile ambayo fundi wa kijijini ataweza kuitengeneza kwa nyundo na moto. Njia ya mpaka huo ina mafundi wengi, kwani ni huko huko Busia na Malaba ambako biashara ya bodaboda ilianza, baiskeli zikivusha watu kutoka mpaka mmoja hadi wa pili.

Kwetu sisi Waislamu iko hesabu nyingine nyuma ya bahasha. Katika madhehebu ya Imam Shafi msafiri wa marhala mbili, yaani kilomita 80 na kitu, ameruhusiwa kupunguza sala za rakaa nne ziwe mbili, na kuchanganya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Marhala mbili asili yake ni mwendo wa siku mbili wa mnyama aliyebeba mzigo. Mtu wa baiskeli huumaliza kwa siku moja, kama Tilman, lakini rukhsa ni ile ile, nayo yatukumbusha kwamba dini imemtambua msafiri kuwa ni mtu mwenye taabu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alieleza kwamba safari ni kipande cha adhabu, na kwamba mtu akimaliza haja yake aharakishe kurudi kwa watu wake. Tena aliwahadharisha watu na safari ya usiku ya mtu peke yake. Katika hili hatumfuati Tilman. Kijana atafute mwenzake kwanza, na wakiwa watatu wamteue mmoja awe kiongozi.

MWISHO WAKE BAHARINI

Baada ya Kribi Tilman alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1936, pamoja na Noel Odell, alifika kilele cha Nanda Devi huko India, mita 7,816, na hadi mwaka 1950 hapakuwa na kilele kirefu zaidi kilichokanyagwa na binadamu. Mwaka 1938 aliongoza msafara mdogo wa Everest, ambao haukufika kileleni. Katika Vita Kuu ya Pili alirudi jeshini, na akiwa na umri uliopita miaka 45 alirushwa kwa mwavuli Albania na Italia kupigana pamoja na wazalendo wa huko.

Uzee ulipomzuia kwenda milima mirefu, aligeukia bahari. Mwaka 1954 alinunua jahazi kuukuu la matanga liitwalo Mischief, lililoundwa mwaka 1906, akasafiri nalo Patagonia, Greenland na visiwa vya barafu vya kusini. Mwaka 1957 na 1958 alilizunguka bara zima la Afrika. Hivyo bara ambalo alilikata katikati kwa baiskeli, alilizingira kwa tanga.

Mischief ilizama mwaka 1968, na jahazi lililofuata likazama mwaka 1972. Safari yake ya mwisho hakuwa nahodha. Kijana mmoja, Simon Richardson, aliyewahi kuwa baharia wake, alikuwa na chombo kiitwacho En Avant, na mzee alikubali kwenda naye kama baharia wa kawaida. Waliondoka Rio de Janeiro mwanzoni mwa Novemba 1977 kuelekea visiwa vya Falkland. Chombo hakikuonekana tena, wala mtu wake hata mmoja. Tilman alikuwa amebakisha miezi michache kutimiza miaka 80.

Sisi watu wa Pwani twajua nyumba zinazongoja chombo kisichorudi. Hakuna wa kumlaumu bahari. Ila nimependa kwamba yule aliyevuka Afrika peke yake kwa baiskeli ya paundi 6, mwisho wake alikuwa miongoni mwa wenziwe, chini ya amri ya kijana aliyemfunza mwenyewe. Kijana anayefunga mzigo wake leo kwenye keria ya baiskeli, na autazame mzigo huo mara ya pili, apunguze nusu, kisha nafasi iliyobaki aipatie akili ya kumkumbuka mwenzake na wenyeji watakaompokea.